Pesa Ipo Benki, Unga Hakuna

Asubuhi Coleta alianza na kuku, kisha uji, kisha nyumba ya wajawazito.

Kuku walikuwa kumi na wawili. Uji ulikuwa wa ulezi, kwa ajili ya mumewe Felisian na binti yao Jenifer, aliyekuwa darasa la sita. Nyumba ya wajawazito haikuwa yake. Ilikuwa ya chama. Kutoka kwake ilikuwa mwendo wa dakika kumi, hapo hapo Mazwi, mjini Sumbawanga.

Chama kiliitwa Tuwapokee. Kilikuwa na wanachama ishirini na wanne, wote wanawake wa Mazwi. Walikianzisha mwaka 1991, baada ya mwanamke mmoja wa bonde la Rukwa kujifungulia juu ya lori, kwenye kona za mlima wa Lyamba lya Mfipa. Mtu akitoka Muze, kule bondeni, lazima apande mlima huo ndipo afike mjini. Wakati wa mvua lori linaweza kukwama siku mbili. Mama mwenye uchungu hawezi kungoja siku mbili.

Kwa hiyo wanawake wale walipanga nyumba ya vyumba vitatu, wakaweka vitanda sita. Mjamzito wa bondeni alikuja mapema, akakaa wiki mbili au tatu, akala, akapumzika. Siku yake ilipofika alisindikizwa hospitali. Klementina aliwapikia. Mlinzi alilinda usiku. Coleta alikuwa mweka hazina. Hakulipwa. Walimchagua kwa sababu alimaliza darasa la saba na mwandiko wake ulisomeka.

Pesa nyingi za chama zilitoka kwa wafadhili wa ng'ambo. Kila Januari walituma shilingi laki tisa za matumizi ya mwaka mzima: kodi ya nyumba, mishahara ya watu wawili, unga, maharage, kuni na mafuta ya taa. Kila mwezi chama kilitumia kama elfu sabini na tano. Wanachama nao walitoa ada ya shilingi mia tatu kwa mwezi.

Mwishoni mwa mwaka 1994 wafadhili walituma pesa nyingine, laki sita. Barua yao ilisema kwamba hiyo ni ya kujenga tangi la kuvunia maji ya mvua, kwa kuwa bomba la Mazwi lilikuwa likitoa maji siku moja na kukauka siku tatu. Wanachama walifurahi sana. Waliandikiana mkataba na fundi Urbano, na wakakubaliana kwamba kazi ianze Februari.

Januari 1995 ikaingia. Pesa ya matumizi haikuja.

Wiki ya kwanza Coleta alikwenda benki. Karani alifungua kitabu, akamwambia kuna laki sita na elfu mbili. Wiki ya pili alikwenda tena. Ilikuwa laki sita na elfu mbili. Wiki ya tatu karani alimwona akiingia mlangoni, akatikisa kichwa kabla hajafika dirishani.

Unga uliisha. Bi Mwanamvua, mwenyekiti wa chama, alileta gunia moja kutoka duka la mume wake. Nalo likaisha. Bei ya mahindi ilikuwa imepanda, kama inavyopanda kila mwaka mwezi huo. Zamani serikali ilinunua mahindi kwa bei moja mwaka mzima. Sasa kila mfanyabiashara alikuja na lori lake na bei yake. Gunia lililouzwa elfu nne na mia tano wakati wa mavuno, Januari lilikuwa elfu kumi na moja.

Kamati ilikutana. Iliamua kwamba wanawake watano waliokuwa ndani wabaki, lakini wapya wasipokelewe mpaka pesa ije.

Siku tatu baadaye alikuja Mboje. Alikuwa Msukuma kutoka bondeni, mimba ya kwanza, miguu imevimba. Mume wake, Masanja, alikuwa amemwacha mlangoni na kurudi haraka kwa lori lile lile, maana ng'ombe walikuwa na mtu mmoja tu wa kuwachunga. Mboje alijua Kiswahili kidogo. Klementina alimweleza kwamba nyumba haipokei watu. Mboje aliitikia, akaketi juu ya furushi lake la nguo, akaendelea kungoja. Hakuwa ameelewa.

Coleta alimkuta hapo saa nane mchana. Alisimama akitazama ile miguu. Kisha alibeba furushi, akamwashiria amfuate, akampeleka nyumbani kwake. Jenifer akahamia sebuleni.

Felisian hakuwa mtu wa maneno mengi. Zamani alikuwa mtunza ghala wa ushirika. Ushirika ulipokufa alipunguzwa kazi, akanunua cherehani, na sasa alishona nguo barazani. Alimkaribisha mgeni vizuri. Lakini Jumamosi iliyofuata alikwenda kwenye kihenge kutoa mahindi ya kusaga, na akakuta yamepungua kwa magunia mawili, ambayo Coleta alikuwa ameyapeleka kwenye nyumba ya wajawazito. Alirudi ndani polepole, akajifuta vumbi mikononi.

"Mama Jenifer, chama chenu kina pesa au hakina?" aliuliza.

"Ipo."

"Basi kwa nini wanakula mahindi yetu?"

"Kwa sababu haipo."

Felisian alimtazama mke wake. Coleta mwenyewe alijisikia kama mtu aliyesema upuuzi, lakini hakuona neno alilokosea. Pesa ilikuwapo. Aliiona kitabuni. Na haikuwapo, kwa sababu unga haukuwapo. Alijaribu kumweleza mumewe habari ya tangi, akachanganya tarehe, akaanza upya, mwisho akaacha. Felisian alisema hana ugomvi na mahindi kuliwa na wenye njaa. Anachotaka ni kuelewa tu. Coleta alimjibu kwamba hata yeye anataka hivyo hivyo.

Kamati ilikutana tena tarehe nane Februari. Kikao kilikuwa kirefu. Mmoja alisema pesa ni pesa, zote zimetoka kwa mfadhili yule yule, na zote ni za wajawazito. Mwingine alisema pesa ya tangi isiguswe, lakini hakuweza kusema wale wanawake wale nini. Wa tatu alishauri wakope. Wa nne aliuliza watalipa kwa pesa gani. Bi Mwanamvua alimgeukia Coleta, akamwuliza yeye kama mweka hazina anaonaje. Coleta alisema hajui. Wengine walicheka, wakidhani anaona aibu kusema. Lakini hilo ndilo lilikuwa jibu lake.

Mwisho walikubaliana kuchukua laki moja na nusu katika pesa ya tangi. Coleta na Bi Mwanamvua walitia saini. Unga ukanunuliwa. Klementina na mlinzi wakalipwa. Nyumba ikafunguliwa tena, ingawa Mboje, aliyekwisha kuzoea, alibaki kwa Coleta, na kwa siku mbili kila mtu alilala vizuri.

Siku ya tatu fundi Urbano alikuja na kamba ya kupimia. Alikuwa mtu wa taratibu. Kabla ya kuchimba msingi aliomba aone kama fedha yote ipo, kwa sababu, alivyosema, tangi likiachwa nusu katikati ya masika linapasuka, na lawama humwangukia fundi. Coleta alimwonyesha kitabu. Urbano alisoma laki nne na nusu na kidogo. Alikunja kamba yake.

"Mkataba unasema laki sita," alisema. "Mkiwa tayari mtaniita, mama."

Jioni ile maneno yalianza bombani. Yalianza taratibu: pesa ya tangi imepungua. Kesho yake yalikuwa: mweka hazina amekula pesa ya tangi. Kesho kutwa yalisema kwamba cherehani ya Felisian ilinunuliwa kwa pesa hiyo, ingawa cherehani ile ilikuwa na umri wa miaka mitatu. Klementina ndiye aliyemletea Coleta habari, kwa huruma, akimwomba asimtaje.

Coleta alichukua daftari lake, akaketi jikoni. Alijumlisha. Alipata jibu. Alijumlisha tena, akapata jibu lile lile. Hesabu ilikuwa sawa, hakuna hata shilingi iliyopotea. Hata hivyo tangi halikuwapo, heshima yake ilikuwa inakwenda, na mwezi ujao unga ungeisha tena. Aliona kama kwamba kuna kitu kikubwa kimekosewa mahali ambapo daftari halifiki.

Mboje alimwona akilia. Alichukua kisu, akaendelea kumenya viazi ambavyo Coleta alikuwa ameviacha.

Msaada ulikuja kwa sababu ya Mboje. Nyumba mbili kutoka pale alikaa Mzee Ngeleja. Naye alikuwa Msukuma, aliyehamishiwa Sumbawanga mwaka 1974 kama mkaguzi wa hesabu za vyama vya ushirika. Alipopunguzwa kazi hakurudi kwao. Alibaki na kulima viazi. Aliposikia kwamba kwa Coleta kuna binti wa nyumbani kwao, alikuja kumsalimu.

Coleta alimwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama Jenifer. Hamjambo?"

Walizungumza kwa muda, yeye na Mboje, kwa Kisukuma. Mboje alicheka kwa mara ya kwanza tangu afike. Kisha mzee akauliza kwa Kiswahili kwa nini binti huyu amelala hapa, wakati mjini kuna nyumba ya kazi hiyo. Swali lilikuwa dogo. Coleta alianza kulijibu, na kabla hajajua alikuwa amesimulia yote, pamoja na maneno ya bombani. Felisian aliacha cherehani, akaja kusikiliza.

Mzee Ngeleja aliomba daftari. Alilisoma kwa nusu saa. Alipomaliza alisema, "Hapa hakuna wizi. Hesabu zako ni safi kuliko za vyama vikubwa nilivyokagua."

"Sasa tatizo ni nini?" Coleta aliuliza.

"Umeandika pesa zote kama kitu kimoja. Si kitu kimoja." Alimgeukia Felisian. "Baba Jenifer, tuseme ndugu yako wa Kasanga amekuachia gunia la mahindi, umpelekee binti yake shuleni. Gunia limelala kwenye kihenge chako. Mgeni akikuuliza una magunia mangapi, utalihesabu?"

"La ndugu yangu? Hapana."

"Lakini limo kihengeni."

"Limo, ila si letu. Tunalitunza."

"Ndiyo pesa ya tangi," alisema mzee. "Ipo kwenu lakini si ya unga. Aliyeitoa amesema ni ya nini, na ninyi mlikubali. Kuitumia kwa kitu kingine bila kumwuliza ni kosa, hata kama mmelisha wenye njaa."

Coleta aliuliza kama basi yeye ni mwizi kweli. Mzee alisema hapana. Mwizi anaficha. Wao waliamua kikaoni, wakaandika. Sasa kilichobaki ni kumwambia mwenye pesa.

Kisha aliuliza jambo jingine. Aliuliza Desemba iliyopita, mwaka ulipokwisha, chama kilibakiwa na shilingi ngapi.

Coleta alikumbuka vizuri. Kulikuwa na elfu tisini na mbili zilizotokana na ada za wanachama. Walinunua vikombe, mashuka, na kitenge cha sare kwa kila mjumbe wa kamati, mpaka zikabaki elfu mbili.

"Mlihitaji vitenge?"

"Hatukuvihitaji. Lakini tuliambiwa chama chetu si cha faida. Tukaogopa mwaka uishe tukiwa na pesa. Tuliona ni vibaya, kama tunafanya biashara."

Mzee Ngeleja alivua miwani. Alisema amelisikia jambo hilo mara nyingi, na linaua vyama vingi. Chama kisicho cha faida, alieleza, maana yake wanachama hawagawani pesa inayobaki. Haiendi mfukoni mwa mtu. Lakini kubaki na pesa si dhambi. Ile inayobaki inaruhusiwa kukaa, ingoje siku mfadhili akichelewa, au bei ikipanda, au paa likiezuliwa. Hiyo ndiyo akiba ya chama.

"Kwa hiyo kuna pesa za namna tatu," Coleta alisema polepole.

"Hebu zitaje."

"Ya tangi, ambayo ina jina la kazi yake. Ya matumizi ya kila mwezi. Na akiba." Alitazama daftari. "Na sisi akiba hatuna. Tuliivaa."

Felisian alicheka, na Coleta naye akacheka kidogo.

Lakini kuelewa hakukuja kwa siku moja. Alipolala, mambo yalimpotea tena. Asubuhi alimfuata mzee shambani kwake, akauliza: akiba ikikaa benki na wanawake wana njaa, si ndiyo ile ile ya pesa ipo na haipo? Mzee aliegemea jembe. Alisema tofauti ni kwamba akiba ni yao, na wao ndio wanaoamua lini itumike, kwa sheria waliyojiwekea kabla ya shida. Pesa ya tangi ilishaamuliwa na mwingine. Coleta aliondoka akirudia maneno hayo njiani. Alirudi tena jioni na swali jingine: akiba iwe kiasi gani? Mzee alimwuliza, mfadhili akikaa kimya, chama kinahitaji muda gani kutafuta njia nyingine? Coleta alikisia miezi mitatu. Basi, mzee akasema, elfu sabini na tano mara tatu. Coleta aliandika kiganjani kwa kalamu: 225,000. Ilionekana kama namba ya watu matajiri.

Mboje alijifungua hospitali tarehe kumi na sita Februari, mtoto wa kike. Alikuwa amekaa kwa Coleta siku kumi na tisa.

Wiki iliyofuata chama kiliitisha mkutano wa wanachama wote. Mzee Ngeleja alialikwa. Coleta alisimama na kusema wazi kwamba kamati ilichukua laki moja na nusu ya tangi, ni nani walitia saini, na ilinunua nini. Alipitisha risiti mkono kwa mkono. Baadhi ya wanawake wa bombani walizitazama kwa muda mrefu, kisha wakazipitisha kwa wenzao.

Habari ya akiba ilileta mabishano. Bi Mwanamvua, ambaye alijua biashara kuliko wote, ndiye aliyepinga zaidi. Alisema dukani anaelewa kuweka mtaji. Lakini chama kinaishi kwa kuhurumiwa.

"Mfadhili akijua tuna akiba," alisema, "ataona hatuna shida. Ataacha kutuma."

Mzee Ngeleja alikiri kwamba wafadhili wa namna hiyo wapo. Alisema hajui hawa wao ni wa namna gani. Njia ni moja tu, kuwauliza kwa barua, na kila mwaka kuandika akiba kwenye taarifa ya hesabu bila kuificha. Chama kinachoficha akiba, alisema, siku ikigundulika kitaonekana kimeiba.

Barua iliandikwa na Coleta mara nne. Ilisema kosa, sababu, na maswali mawili: pesa ya matumizi iko wapi, na je, chama kinaweza kuweka akiba.

Jibu lilifika baada ya wiki saba. Wafadhili walikuwa wamebadili mwaka wao wa fedha, sasa unaanza Aprili, na pesa ya matumizi ilikuwa njiani. Walikuwa wametuma barua ya kuarifu mwezi Oktoba. Barua hiyo haikuwahi kufika Mazwi. Walishukuru kuambiwa ukweli. Hawakusamehe ile laki moja na nusu: irudishwe kwenye tangi kabla ya Desemba. Kuhusu akiba walisema pesa yao ya matumizi itumike kwa matumizi, isiwekwe. Lakini ada za wanachama na michango ya wenyeji ni mali ya chama, na wangefurahi kuona chama kinaweka.

Coleta aliisoma barua hiyo mara tatu. Mara ya tatu aliielewa.

Mwaka ule haukuwa mwepesi. Chama kiliomba familia za wajawazito zichangie debe moja la mahindi au shilingi elfu moja, kwa anayeweza. Wasioweza hawakudaiwa. Walifanya mchango sokoni. Mume wa Bi Mwanamvua alitoa lori lake likabeba mahindi ya chama kutoka Muze mwezi Julai, bei ikiwa chini, na Felisian, aliyejua kazi ya ghala, akayapanga vizuri yasiliwe na wadudu. Kuanzia hapo hawakununua unga wa Februari kwa bei ya Februari. Desemba hawakushona sare. Pesa ya tangi ilitimia wiki mbili kabla ya Krismasi, na Urbano akarudi na kamba yake.

Baada ya hapo ndipo akiba ilipoanza. Coleta alifungua kitabu cha pili benki. Katika daftari alichora safu tatu, ya mwisho ikiwa ya akiba. Chama kiliandika sheria fupi: akiba itolewe kwa uamuzi wa kikao cha kamati, sababu iandikwe, na kiasi kilichotolewa kirudishwe pole pole. Mwaka 1996 ulipita. Mwaka 1997 matumizi yalipanda hadi elfu tisini kwa mwezi, na wakapandisha lengo. Novemba ile akiba ilikuwa laki mbili na elfu sitini na nane. Ilikosa elfu mbili tu.

Ndipo mvua za mwaka ule zikaanza, zile zilizovunja madaraja nchi nzima. Barabara ya Muze ilikatika mahali pengi. Wanawake waliokuwa mjini hawakuweza kurudi bondeni na watoto wao wachanga. Wengine, waliotembea siku nzima kupanda mlima kwa miguu na waume zao, waliendelea kufika. Katikati ya Januari 1998 nyumba ya vitanda sita ilikuwa na wanawake kumi na watatu. Walilala kwenye mikeka ukumbini. Mahindi ya chama, yaliyopangwa yatoshe mpaka Machi, yaliisha.

Kamati ilikutana. Coleta alileta vitabu viwili vya benki. Alidhani kikao kitakuwa kifupi, kumbe watu walichanganyikiwa upya. Mjumbe mmoja alisema pesa hiyo wameitafuta miaka miwili, ikitolewa itakwisha. Mwingine alisema heri wawaombe wanawake wengine waondoke. Wa tatu aliuliza, je, ikija shida kubwa kuliko hii?

Coleta aliwasikiliza wote. Zamani aliulizwa anaonaje, akasema hajui. Safari hii hakungoja kuulizwa.

"Tuliiweka kwa ajili ya hili," alisema. "Barabara haipo, mahindi hayapo, na watu wamo ndani. Kama si sasa, ni lini? Tuitoe, tuandike sababu, na barabara ikifunguka tuanze kuirudisha."

Bi Mwanamvua alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kukubali. Wengine wakafuata. Sababu iliandikwa kwenye muhtasari: mvua, barabara, wanawake kumi na watatu.

Walitoa mara tatu: Januari, Februari na Machi. Hawakugusa pesa ya mtu. Hawakukopa dukani. Klementina alilipwa kila mwezi, na mahindi ya kihenge cha Felisian yalibaki ya watu wa nyumbani. Hakuna aliyerudishwa mlangoni.

Aprili barabara ilifunguliwa kwa shida. Siku hiyo Coleta alisoma hesabu mbele ya wanachama. Akiba ilikuwa imebaki shilingi elfu thelathini na moja. Aliitaja namba hiyo kwa sauti ile ile aliyotumia kutaja nyingine. Hakuna aliyenung'unika. Mwanachama mmoja aliuliza ada ya mwezi huo iandikwe safu ipi, na sauti tatu nne zikamjibu kwa pamoja kwamba iandikwe ya tatu.

Mchana lori la kwanza kuteremka Muze lilisimama mbele ya nyumba. Wanawake tisa walipanda, mmoja mmoja, huku wengine wakiwapokelea watoto. Utingo alihesabu abiria ili ajue nauli. Alihesabu mara mbili, akasema amekosea mahali, mama ni tisa na watoto ni kumi. Klementina alimwambia hajakosea, mmoja amepata mapacha.

Lori liliondoka taratibu, kwa sababu barabara ilikuwa bado tope.